Saa Isiyo na Upande wa Pili

"Hii kubwa inapima presha," Mashimba alisema, akiigeuzageuza ile saa kama mtu aliyekwisha kuinunua. "Inapima na sukari. Inapokea simu. Unaona, hata picha ya Hellen wetu inaweza kukaa hapa mbele."

Ng'washi, mkewe, hakuitazama. Alimgeukia mwenye duka, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. "Dada Pramila, moyo inapima?"

"Moyo zote zinapima," Pramila alisema. "Hii ndogo ya mkanda, hii kubwa, zote. Tofauti iko kwa mambo mengine."

"Na presha je?" Mashimba akauliza.

Pramila alichungulia mlangoni kwanza, kuhakikisha mumewe hajarudi kutoka benki, kisha akashusha sauti. "Mwalimu, wewe mteja wangu wa siku nyingi. Hiyo presha, mimi nilifunga hii saa kwenye chupa ya maji. Ikaniambia chupa ina presha nzuri sana."

Ng'washi akacheka. Mashimba hakucheka. Aliirudisha saa kubwa juu ya kioo taratibu, lakini kidole chake kikabaki juu yake.

Walikuwa wamekuja Nyamagana kutafuta saa, ila si kwa ajili ya mazoezi. Kwa miezi kadhaa moyo wa Ng'washi ulikuwa ukimwamsha karibu na alfajiri. Ulianza kukimbia ghafla, ukampiga mpaka shingoni, jasho likamtoka na macho yakaingia giza. Halafu, ghafla vilevile, ukatulia. Mara mbili Mashimba alimpakia kwenye bodaboda kumwahisha hospitali, na mara zote mbili, hadi alazwe na kubandikwa nyaya kifuani, moyo ulishakaa kimya kama mtoto aliyevunja sahani. Karatasi ya mashine ikatoka safi. Mara ya pili nesi alimwambia, "Mama, punguza mawazo," na Ng'washi akarudi nyumbani akiona aibu ya kuwa mzima.

Daktari wa kliniki, kijana aitwaye Nathaniel, aliwaeleza shida yake bila kuwaficha. Kulikuwa na mashine ya kuvaa mchana na usiku ambayo ingeweza kuukamata ugonjwa huo, lakini ilikuwa moja na foleni yake ndefu, na hakuweza kumwandikia kila mwenye wasiwasi. "Nileteeni ushahidi kwamba moyo unakimbia akiwa amelala," alisema. "Hata kwa hizi saa za kupima mapigo. Nikiona hivyo, namwandikia."

Nyumbani nako kulikuwa na hukumu nyingine. Bibi Kabula, mama yake Mashimba, alikuwa ameamua kwamba hayo ni mambo ya upande wa mkwewe, na dawa yake ni moja: Ng'washi akapumzike kwao. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, ukishuka kivukoni Kamanga. Neno lenyewe ni tamu, mtu akilisikia anaweza hata kushukuru. Lakini katika ukoo ule wanawake wawili walioolewa humo walishapelekwa kwao kupumzika, na mpaka leo wanapumzika.

"Hii kubwa inakaa na chaji siku ngapi?" Ng'washi aliuliza.

"Moja. Ukipokea simu sana, hata moja haifiki. Kila usiku unachaji."

"Na huu mkanda?"

"Wiki mbili. Mpaka unasahau chaja umeweka wapi."

"Basi mkanda."

"Subiri kwanza, Mama Hellen," Mashimba alisema. "Huo mkanda mtu akiuona atafikiri ni ile mipira ya watoto. Tukienda mbele ya daktari twende na kitu cha maana."

"Ugonjwa wangu unakuja usiku, Baba Hellen. Na usiku hiyo saa yako ya maana itakuwa ukutani inachajiwa. Itapima ukuta."

Pramila aliinamia droo yake kama anayetafuta kitu. Alipoinuka aliwaonyesha ya tatu, iliyofungiwa kwenye kabati, ambayo inachora hata mistari ya moyo kama mashine ya hospitali. Ng'washi aliposikia bei yake aliomba irudishwe kabatini kabla hajaizoea. Kwa fedha hizo kaka yake alikuwa ameoa.

"Huu mkanda unahesabu na hatua," Pramila aliongeza alipokuwa akiufunga.

"Hatua za nini? Nabeba magunia ya dagaa sokoni Mwaloni tangu asubuhi, miguu inanihesabia yenyewe."

"Huwezi kutoa, mama. Imo humohumo."

Ng'washi alilipa mwenyewe, kwa fedha aliyopokea kwenye mchezo wa kupeana zamu wa wanawake wa sokoni. Mashimba alisimama kando akitazama nje, kama wanaume wengi wanavyotazama nje wakati huo.

*

Nyumba yao ilikuwa Ilemela, juu kwenye mawe, na Bibi Kabula alikuwa barazani walipofika. Alikamata mkono wa mkwewe akaugeuza.

"Ndiyo dawa yenyewe hii? Mpila?"

"Ni kipimo, Mama," Ng'washi alisema.

"Mimi ninachojua, mkononi hufungwa hilizi. Na wewe unasema umeokoka." Akauachia mkono. "Haya. Tuone daktali atasema nini na mpila wake."

Mashimba aliunganisha mkanda na simu yao ya zamani, ile yenye ufa kwenye kona ya juu ya kioo, ili itunze kumbukumbu. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi usiku wa tatu, moyo ulipomwamsha Ng'washi. Aliinua mkono, mkanda ukawaka, akaona nne.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria dukani. Ng'washi aliacha shule darasa la nne, lakini saa alikuwa anaisoma tangu mtoto. Baba yake alikuwa na saa ya ukutani, ya mishale, na alimfundisha njia yake: usiangalie mshale mfupi ulipo, angalia ng'ambo yake. Mshale ukiwa kwenye nane, ng'ambo ni mbili, basi ni saa mbili. Hakuna kuhesabu. Kwa njia hiyo Ng'washi hakuwahi kuchelewa popote maishani mwake. Lakini ile ya mkononi ilikuwa ya namba, na saa ya namba haina upande wa pili. Alipoona nne gizani, huku moyo ukimtoka, alidhani ni saa nne ya usiku uleule na kwamba kulala kwenyewe hajalala, au labda ameshapotelewa na akili. Aliogopa kuliko siku zote.

Asubuhi alimweleza mumewe. Mashimba alikuwa akifundisha Hisabati darasa la tatu, na kusoma saa ilikuwa mada yake ya kujidai. Akavuta kiti.

"Ni rahisi. Ikiwa chini ya saba, unaongeza sita. Ikiwa saba na kuendelea, unatoa sita."

"Hesabu ninaijua, Baba Hellen. Dagaa nauza kwa hesabu. Ila siwezi kuongeza sita huku moyo unanidunda." Alisema hivyo bila kulia, na ndiyo maana ilimchoma mumewe. "Nataka usiku nikiangalia, kumi iwe kumi."

Mashimba alifikiri kidogo. Kisha akachukua ile simu ya zamani, akazima mpango wake wa kujiwekea majira yenyewe, akaisogeza mbele kwa saa sita. Mkanda ukafuata. Ng'washi alitazama mkono wake, akatazama jua lililokuwa likianza kupanda juu ya mawe, akasoma, "Saa moja na nusu." Lilikuwa jambo la kidole tu, na lilikuwa jema kuliko yote ambayo Mashimba alimfanyia mwaka ule. Hakumwambia mtu. Mwalimu wa Hisabati ambaye nyumbani kwake saa inakwenda kinyume na ya dunia nzima angechekwa ofisini kwa walimu muhula mzima.

Wiki ile moyo ulikuja mara mbili zaidi. Mara zote Mashimba aliamka, akamshika mkono mkewe mpaka ulipotulia, na mara zote Ng'washi aliinua mkanda akasema kwa pumzi fupi, "Kumi." Mkanda ukaandika.

*

Alhamisi kliniki ilijaa. Ili kuokoa muda, mgonjwa mmoja alikaa mbele ya daktari na wanaofuata wakakaa kwenye benchi mlemle chumbani, wakisikia kila kitu huku wakijifanya wanatazama sakafu. Dk. Nathaniel hakuwa amekula tangu asubuhi. Aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mmefanya vizuri sana. Hebu tuone." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Ehe. Jumatatu hapa, mapigo yamepanda kweli. Yamepanda sana. Kwenye kumi."

"Ndiyo," Ng'washi alisema, akisogea mbele. "Kumi."

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza dagaa. Mwaloni."

"Jumatatu saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Saa nne?" Ng'washi alikumbuka. "Nilikuwa napakia magunia. Kuna mteja wangu wa Shinyanga."

Daktari akaiweka simu mezani. Usoni pake paliingia kitu kama huzuni, maana kwa kweli alitaka kumsaidia. "Basi ndiyo hiyo, mama. Mtu akibeba gunia moyo lazima uende mbio. Hata wangu ungekwenda."

"Siyo saa nne, daktari. Ni saa kumi. Nimelala."

"Mama, hapa imeandikwa kumi."

"Ndiyo. Saa kumi."

"Kumi ya kwenye saa ni saa nne." Alisema polepole, akimwonyesha kwa vidole. "Kumi, unatoa sita, unabaki na nne. Umeona?"

"Kumi ni kumi," Ng'washi alisema.

Kwenye benchi mtu akakohoa kicheko. Mwingine hakujisumbua kukohoa. Dk. Nathaniel hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kupunguza uzito wa jambo. "Sasa Mwalimu, watoto wa watu unawafundisha saa, mama wa nyumbani umemwacha hivihivi?"

Hapo palikuwa mahali pa Mashimba kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, nayo yalishafika mdomoni: nimeisogeza mimi. Lakini kwenye benchi alikuwapo mzazi wa mwanafunzi wake mmoja, mama mwenye ulimi mwepesi, naye Mashimba aliona waziwazi hadithi hiyo ikifika shuleni kabla yake. Mwalimu wa saa. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha adabu.

"Tutajitahidi, daktari," alisema.

Ng'washi aligeuka akamtazama. Angeweza kusema mwenyewe, lakini hakulelewa kumuumbua mume mbele za watu, na kuliko hilo, alikuwa na uhakika kabisa kwamba mumewe yuko njiani kusema. Alingoja. Alingoja hata daktari alipokuwa akiandika, alingoja hata karatasi ilipokunjwa.

"Mashine kwa sasa hapana," daktari alisema. "Huu ni wasiwasi na uchovu. Mama apumzike tu."

*

Nje ya geti la hospitali Ng'washi alifungua mkanda mkononi na kuutumbukiza kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Ulicheka," alisema.

"Mama Hellen, pale watu walikuwa wengi, na yule daktari alikuwa ana haraka—"

"Nimekuuliza kitu? Nimesema ulicheka."

Hakuongea tena njia nzima. Mashimba alijaribu habari ya jua, akajaribu habari ya barua ya Hellen kutoka shule ya bweni, kisha akanyamaza. Alijiambia kwamba angerudi peke yake kumweleza daktari faraghani, Jumatatu labda, mambo yakiwa yametulia. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara Jumatatu ilionekana siku nzuri zaidi.

Bibi Kabula alikuwa barazani. Hakuwapa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Daktali kasemaje?"

"Amesema..." Mashimba alianza, naye kwa kweli alikuwa anatafuta neno la kuahirisha tu. "Amesema apumzike."

Alilisikia lilipokwisha kutoka. Bibi Kabula alipiga makofi mara moja, kwa sauti.

"Gashi, kumbe! Si mlisema mimi ni mshamba? Hata daktali kasema neno lilelile. Kesho tunavuka. Nitampeleka mwenyewe, kwa heshima, nimkabidhi kwa mama yake."

"Mama, daktari hakuwa na maana hiyo."

"Alikuwa na maana gani, ng'wanone, mwanangu?"

Jibu lilianzia kwenye kicheko chake, na Mashimba akainama kuvua viatu. Jioni ile Ng'washi alikunja nguo zake. Alikunja na kanga iliyokuwa bado na unyevu kwenye kamba. Mashimba alisimama mlangoni akitumaini ataacha kitu chochote, hata kitana, kitu ambacho mtu hurudi kukifuata. Hakuacha.

*

Ijumaa asubuhi Mashimba aliomba ruhusa shuleni, akawasindikiza hadi kwenye kivuko cha Kamanga. Bibi Kabula alitangulia na mkoba wake, amevaa kitenge cha kuendea harusi na misiba. Ng'washi alibeba mfuko wake mwenyewe. Mumewe alipotaka kuupokea, Ng'washi aliushikilia, akaendelea kutembea.

Walipofika kwenye foleni ya tiketi, juu ya dirisha kulikuwa na kibao cha namba za taa nyekundu kikionyesha safari inayofuata. Ng'washi alikitazama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu jana.

"Kumi. Tutakaa hapa mpaka kumi?"

"Hapana, hiyo ni saa nne," Mashimba alisema. "Unatoa sita."

Yalimtoka yenyewe, polepole na kwa upole, hata vidole vyake vilikuwa vimeinuka kuonyesha. Kijana aliyekuwa mbele yao kwenye foleni aligeuka akatabasamu. Ng'washi akaitikia kwa kichwa.

"Alaa," alisema. "Ni nne."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mwanafunzi aliyeadhibiwa ambaye sasa atakubali chochote ilimradi somo liishe. Mashimba alizijua nyuso za namna hiyo, alikuwa ameziona darasani miaka mingi, na mara zote alidhani maana yake ni kwamba mtoto ameelewa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na safari hii haikuwa aibu ya watu.

"Dirishani," mkata tiketi aliita. "Wangapi?"

"Hakuna," Mashimba alisema, akatoka kwenye foleni. "Mama, hapandi."

"Nani hapandi?" Bibi Kabula akauliza.

"Mama Hellen hapandi." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, na watu wakageuka, na akaona kwamba akishusha sasa hatamaliza. "Daktari hakukosea, na mke wangu hakukosea. Ile saa niliisogeza mimi, ili aweze kuisoma. Ilipoandika kumi, ilikuwa kumi ya alfajiri, amelala kando yangu, nami nimemshika mkono. Jana daktari alipomcheka nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza."

"Hukunyamaza," Ng'washi alisema.

"Nilicheka nao," Mashimba alisema.

Bibi Kabula alimgeukia mwanawe. Alikuwa mwanamke mkali, na si kwamba moyo wake uligeuka pale kivukoni. Watu hawageuki hivyo. Lakini alikuwa amekaa na mume miaka mingi kabla ya kuwa mjane, naye alizijua vizuri haya za wanaume na nani huzilipia.

"Kwa hiyo jana nimemfungisha mtoto wa watu mizigo kwa ajili ya haya zako?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi bado nasema ana lake jambo." Akaushika mfuko wa Ng'washi, na safari hii Ng'washi akauachia. "Lakini twende kwanza kwa huyo daktali. Nisije nikaaibika ng'ambo kwa jambo ambalo sikulipika."

*

"Kliniki ya moyo ilikuwa jana," mtu wa dirishani hospitalini aliwaambia, bila kuinua macho.

Mashimba alimbembeleza, akaambiwa akae pembeni. Alikaa. Alisimama kila koti jeupe lilipopita, na mara mbili aliambiwa asizibe njia. Dk. Nathaniel alipotokea kwenye korido, akielekea chumba chake na wagonjwa watatu nyuma yake, Mashimba alimkatisha mbele.

"Mwalimu? Tena?"

"Dakika moja, daktari."

"Ingieni. Lakini kweli iwe moja." Wale wagonjwa watatu nao wakaingia, wakakaa kwenye benchi. Bibi Kabula alibaki koridoni na mizigo. Ng'washi alisimama karibu na mlango, kama mtu asiye na hakika kama atakaa.

Mashimba alitazama benchi. Hakukuwa na mtu anayemfahamu, angeweza kushukuru, lakini alipoanza kusema aliona haikumpunguzia kitu. "Jana ulisema nimfundishe mke wangu saa. Mke wangu saa anaijua. Ila anasoma ya mishale, na hii ya namba ilimsumbua usiku anapoumwa, nikaisogeza mimi kwa saa sita, isomeke anavyosema mwenyewe. Uliposoma kumi ukasema nne asubuhi, nilijua unakosea. Nikacheka."

Daktari alinyoosha mkono akapewa ile simu. Safari hii alitazama kona ya juu, palipo na ufa, na chini ya ufa huo palisomeka tano. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, ya mishale. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja. Ng'ambo yake, tano.

Alirudi kwenye Jumatatu, kwenye ule mlima wa mapigo, halafu akafungua ukurasa mwingine ambao jana hakuufungua, wa hatua. Aliukuza kwa vidole viwili. Saa ileile ambayo moyo ulipanda, hatua zilikuwa sifuri. Kabla yake, sifuri. Baada yake, sifuri.

"Mtu wa kubeba magunia," daktari alisema, kana kwamba anajisomea, "bila kupiga hatua hata moja. Na mimi nilikuwa nayo mkononi." Alivuta kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza. "Mama, njoo ukae. Tafadhali."

Ng'washi akakaa.

"Huu si wasiwasi. Siwezi kukuambia bado ni kitu gani, lakini moyo haukimbii hivi kwa mtu aliyelala bila sababu. Nakuandikia ile mashine leo hii. Magunia uache kwanza, hata ya mteja wa Shinyanga. Na ukija usiku ukazidi dakika chache, usingoje, njoo." Alikuwa akiandika kwa kasi. Aliposimamisha kalamu alisema, bila kumtazama usoni, "Nisamehe kwa jana."

"Nimesikia," Ng'washi alisema.

Daktari alimrudishia Mashimba simu. "Sasa Mwalimu, hii irudishe kwenye majira yake. Isije ikamchanganya daktari mwingine."

Mashimba alikuwa ameshaanza kubonyeza. Ng'washi akaweka kiganja juu ya kioo. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati la mumewe, lilelile la jana, akautoa mkanda, akaufunga mkononi mwenyewe mpaka ukakaza.

"Iache hivyohivyo," alisema.

"Lakini mama—"

"Usiku moyo unaponikimbia, daktari, mimi siwezi kuongeza sita. Wewe umekaa kwenye kiti na moyo wako umetulia. Wewe ndiye utoe sita."

Kwenye benchi hakuna aliyekohoa. Dk. Nathaniel alivuta tena karatasi yake na kuandika juu yake, kwa herufi kubwa ambazo hata Ng'washi alizisoma kutoka alipokaa: SAA YA MGONJWA NI YA KISWAHILI.

Koridoni Bibi Kabula alikuwa amekaa wima, mkoba wake miguuni na mfuko wa mkwewe mapajani. Alipowaona aliuliza swali lake lilelile.

"Daktali kasemaje?"

Mashimba alimgeukia mkewe.

"Amesema nipumzike, Mama," Ng'washi alijibu, akiinama kuuchukua mfuko wake. "Kwangu."